Nafasi Kati ya Pini

“Usinitie maneno mdomoni, Enos! Sijasogeza pini hata moja.”

“Basi zimejisogeza zenyewe, Mama Kalama?”

Zipporah aliitupa bikari mezani. Tangu asubuhi walikuwa wakigombania picha moja, iliyopigwa kutoka kwenye ndege Jumatatu, mafuriko ya El Nino yalipokizingira kijiji cha Idsowe. Ilionyesha kisiwa kidogo cha nchi kavu kilichobaki majini. Enos, mkubwa wake katika ofisi ya maafa ya Garsen, ndiye aliyechoma pini kumi na mbili kufuata ukingo wa kisiwa. Kazi ya Zipporah ilikuwa kupima nafasi kutoka pini hadi pini, ijulikane watu wamebakiwa na ardhi kiasi gani. Kwenye kisiwa hicho walikuwa mama yake, Kabibi, na mwanawe Kalama.

“Jana nafasi zilikuwa pana. Leo zimebana. Zote.”

“Picha ni karatasi, mama. Karatasi haifuriki. Sema tu unataka boti ya uokoaji iende kwa wako kwanza.”

“Ndiyo, nataka. Lakini kwa rula sidanganyi. Pima mwenyewe.”

Enos alicheka, akaichukua bikari. Pini ya kwanza hadi ya pili. Ya pili hadi ya tatu. Kicheko kikamkauka. Kila aliporudia, ilimbidi azibane zaidi ncha za bikari. Pini zilisimama wima, hazikutikisika, lakini zilikuwa zikisogeleana kama ng'ombe walionusa simba.

“Ya kumi na moja hadi ya kumi na mbili,” alimaliza kwa sauti ndogo. “Nchi kavu bado ipo. Boti itakwenda kesho, kama ilivyopangwa.”

“Hujafunga. Ya mwisho hadi ya kwanza huipimi kamwe. Kisiwa ni kamba, kina ncha mbili?”

Alimpokonya bikari, akainamia upande wa mashariki, penye nyumba ya mama yake. Hapakuwa na pa kutia ncha. Pini zile mbili zilikuwa zimegusana, na chini yake karatasi imelowa. Aliigusa. Kidole kikatoka na tope, baridi.

Enos alirudi nyuma hadi ukutani. “Tungoje mkuu wa ofisi arudi kutoka Hola, ndiye mwenye amri ya boti.”

“Mngoje wewe.”

Alishuka mbio hadi kivukoni. Hiribae, mwendesha boti, alikuwa akila.

“Washa,” Zipporah alisema, akipanda.

“Sina amri, dada.”

“Nimekuamuru mimi. Washa.”

Hiribae alimtazama usoni, akaweka sahani chini, akavuta kamba ya injini. Boti ikaelekea Idsowe.