Kisu Kilichopakwa Rangi

Mwenye shamba aliipaka rangi nyekundu mashine yake ya kufunga marobota ya nyasi, ili wakwe wakija waione. Wakwe wakaja, na mawingu meusi nayo yakaja, nyasi zote zikiwa bado chini. Robota la kwanza likatoka limezungushiwa wavu vizuri, ila wavu haukukatika. Likaburutwa nyuma ya mashine kama mbuzi aliyegoma.

"Wavu feki huu!" akafoka. Akabadilisha wavu, akakaza springi, akamgombeza dereva wa trekta lililoivuta mashine. Mkewe akainama, akachungulia kisu cha kukatia wavu.

"Baba watoto, hata kisu umekipaka rangi? Tena mara mbili! Kitakataje?"

"Mkono wa pili wa rangi ndio unaong'arisha."

"Basi kikwangue, mvua hiyo inakuja!"

Akwangue rangi mbele ya wakwe? Hata kidogo. "Niletee kisu cha jikoni," akasema.

Akawa anakimbilia kila robota na kukata wavu kwa mkono, huku akitabasamu kama mtu aliyepanga iwe hivyo. Mvua ikamkuta hajafika hata nusu ya shamba, nyasi zikalowa chapachapa.

"Nyasi zitaota nyingine," akamwambia baba mkwe, maji yakimtiririka puani. "Lakini rangi umeiona?"