Vumbi la Mwarobaini

Hasira ilimpanda Anyesi kabla hajashusha begani mfuko wa vifaa. Alikuwa amerudi Nkuhungu kutoka Kongwa, alikokwenda juma zima kufunga milango, akakuta banda lake la mbao limefunuliwa. Magunia aliyoyatundika kukinga upepo yalikuwa yamekunjwa vizuri pembeni. Mbao mbichi alizozipanga kivulini kwa mikono yake, vijiti vikitenganisha ubao na ubao, zilikuwa zimeegemezwa ukutani juani, kama watu waliokamatwa kwenye msako.

Zilitoka katika mwarobaini wa hapo uani kwa mama yake. Mti ulikatwa barabara ilipopanuliwa. Mama akalia, kisha akaomba kitu kimoja tu: meza ya ubao mmoja mpana, watoto wake wote waizunguke Krismasi. Anyesi akaahidi. Alipaka rangi ncha za kila ubao ili maji yasitoke kwa pupa, akaweka mawe juu, akasubiri.

Sasa ule mpana ulikuwa na ufa kutoka ncha hadi ncha. Kidole chake kilizama ndani.

"Hata shikamoo leo hakuna, fundi?" Kaka yake Yotham alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Nani amezifunua?"

"Mimi. Ulizigubika kama mgonjwa wa homa, zingeoza. Sisi kule Mafinga tunazianika, zinapata hewa."

"Mafinga kuna ukungu, kaka. Huko mnapigana na unyevu. Hapa upepo unakausha mpaka mate mdomoni. Umekausha ngozi ya ubao na ndani bado umejaa maji, ulitegemea usipasuke?"

"Mdogo wangu, nimeshika mbao wewe hujajua kushika nyundo."

"Ungepiga simu."

"Nikupigie wewe, niombe ruhusa ya kuanika?" Alicheka. "Tia gundi na vumbi la mbao, piga msasa, kwisha. Mama mwenyewe siku hizi haoni vizuri."

"Naona vya kutosha," alisema mama kutoka dirishani.

Akatoka polepole, akapitisha kiganja juu ya ufa wote. Kisha akamgeukia binti yake. "Anyesi, kaka yako alitaka kusaidia. Yaishe, mwanangu."

Tangu utotoni, kila alichokivunja Yotham, aliyeombwa kunyamaza alikuwa yeye.

"Hayajaisha, mama," alisema, sauti ikiwa chini. Alitoa msumeno wa mkono mfukoni, akamkabidhi kaka yake. "Pasua. Fuata ufa mpaka mwisho. Meza haipo tena. Yatakuwa mabenchi mawili, na watoto wako watakapouliza kwa nini wanakula wamepakata sahani, utawajibu wewe."

"Si tuupeleke kwenye mashine?"

"Kwa mkono."

Yotham alimtazama mama. Mama alitazama chini. Yotham akavua shati, akaanza kukata.

Vumbi la mwarobaini likapanda, chungu kama ile dawa ya majani waliyonyweshwa wangali wadogo. Likamwingia kooni. Alikohoa, akatema, akakohoa tena.

"Nipeni maji," alisema.

Mtungi ulikuwa karibu na Anyesi, aliyekuwa akizirudisha kivulini mbao chache zilizopona, kijiti juu ya kijiti. Alisikia vizuri. Mama akanyanyua mguu kuufuata mtungi.

"Mwache amalize, mama," alisema Anyesi, akachukua gunia la kwanza na kulitundika upande wa upepo.