Julai ya Nyumba ya Kuku

Jumamosi ya pili ya Januari, saa saba mchana, Jeruto aliingia kwenye nyumba ya kuku kuokota mayai, akatoka na trei moja, akaenda chumbani kuvaa sweta, kisha akarudi kumalizia. Mayai yalikuwa baridi. Ukungu ulikuwa umetanda hadi magotini, na juu ya maji ya kuku palikuwa na barafu nyembamba ambayo aliivunja kwa kidole. Alipomaliza alimwambia mumewe kwamba huko ndani kumekuwa Julai.

"Julai gani?" Kiplimo akauliza.

"Ile ya kawaida, ya baridi. Hata mvua imeanza kunyesha pale kwa kona."

Kiplimo alikwenda akachungulia, akaona ni kweli, akafunga mlango. Hakuuliza Julai hiyo imetoka wapi. Alijua.

Mwaka uliotangulia alikuwa fundi wa dari kwenye nyumba mpya ishirini na mbili za hapo Yamumbi, ng'ambo ya shamba lake la mahindi. Ramani ilitaka nyumba zielekee kaskazini, na juu ya kila dari litandikwe blanketi la foili la kuzuia joto la mabati. Mkandarasi, jina lake Kipkirui, alizigeuza zikaelekea magharibi, kwa kuwa barabara iko magharibi, na mtu akishanunua nyumba anataka wapita njia waone sebule na televisheni. Madirisha aliyafanya makubwa kwa sababu hiyohiyo. Kuhusu foili alicheka.

"Kiplimo, hii ni Eldoret. Watu wanalala na blanketi mbili. Nani atasikia joto hapa?"

Akaagiza foili itandikwe mahali pamoja tu, kuzunguka tundu la kupandia darini, urefu wa mkono kila upande. Mkaguzi hutoa kichwa hapo, hupapasa, hupiga picha, kisha hushuka kabla suti haijashika vumbi. Ndivyo ilivyokuwa, mara ishirini na mbili, na nyumba zote zikapata cheti cha nyumba zisizokula stima. Mabunda ya foili yaliyobaki Kipkirui alimwachia fundi wake, nusu zawadi, nusu kumfunga mdomo. Kiplimo akayapigilia chini ya mabati ya kuku.

Jua la Januari halijali kwamba mji una sifa ya baridi. Kufikia saa tisa sebule zile zilikuwa tanuri. Watu walinunua feni, feni zikala tokeni za stima, tokeni zikaisha Jumatano, feni zikabaki zimesimama kama mapambo.

Wa kwanza kufika kwa kuku alikuwa Sahra wa nyumba namba saba, mwenye duka la vitambaa mjini. Alikuja kununua mayai, akashika moja, akalishikilia shavuni. Kesho yake alileta maziwa yake yasiharibike. Siku ya tatu alimleta mamake, ambaye alikuwa amezimia mara mbili kwenye kochi, na daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba moyo wake hautaivumilia ya tatu. Mama mzee aliketi juu ya kreti ya soda katikati ya kuku, akajifunika shali, na baada ya robo saa midomo yake ikarudia rangi yake.

Wiki iliyofuata walikuja wengine, wamebeba viti na masweta. Mwalimu wa namba kumi na mbili alisahihisha madaftari akiwa amevaa glavu. Hakuna aliyeshangaa. Palikuwa na baridi, wao walihitaji baridi, basi. Wakati wa kutoka kila mmoja alisimama mlangoni na kumwambia Kiplimo, "Asante sana, fundi. Mungu akubariki."

Asante hizo ndizo zilizomnyima raha. Aliona aibu mpaka akaanza kula chakula cha mchana nyuma ya choo. Siku moja alipanda na koleo kuing'oa foili airudishe. Kuku walikuwa wameidonoa, panya wamemalizia, ikamjia mkononi vipande vipande visivyoweza kufunika hata sufuria. Julai yenyewe haikusogea.

Alhamisi akaamua kusema. Mama mzee alikuwa anasinzia, Sahra anamimina chai ya thamosi.

"Mama Nasteha," akamwambia Sahra, "hii baridi si yangu. Ni ya nyumba zenu. Ilikuwa iwekwe kwa dari, mimi nikaileta hapa. Naomba msamaha."

Sahra alijaza kikombe, akafunga thamosi.

"Tunajua, fundi."

"Mnajua tangu lini?"

"Tangu Disemba. Mwalimu alipanda dari kutafuta panya. Ikabidi tupande zote. Foili ya kwangu ni saizi ya mkeka wa kuswalia." Akapuliza chai. "Tulienda kwa Kipkirui, akatuonyesha cheti. Tukaenda kwa mkaguzi, akatuonyesha picha."

Kiplimo alihisi uso ukimwaka, ingawa mvuke ulikuwa unamtoka mdomoni.

"Sasa mbona kila siku mnaniambia asante?"

Sahra alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo, bila hasira, kama mtu anayeeleza bei.

"Kwa sababu mlango ni wako. Ukikasirika ufunge, mamangu nitampeleka wapi?"

Kiplimo alitaka kumwambia kwamba hatafunga kamwe, na maneno yalikuwa tayari mdomoni, simu ikalia. Alikuwa Kipkirui, na kama kawaida yake alipiga kelele hata kuku wakamsikia. Amepata mradi mwingine, huko Kiplombe, nyumba arobaini. Dari zote ni za Kiplimo, kazi ni namna ileile, aanze Jumatatu. Kiplimo aligeukia ukuta. Aliwaza karo ya watoto, akawaza mama aliyekuwa nyuma yake juu ya kreti, akatamani ardhi immeze.

"Sawa," akasema. "Nitakuja."

Alipogeuka, Sahra alikuwa ameinamisha macho kwenye kikombe. Alikuwa amesikia yote.

Saa kumi na moja jua liliposhuka, alimwinua mamake, wakapita polepole katikati ya kuku. Mlangoni wakasimama.

"Asante sana, fundi," Sahra akasema. "Mungu akubariki."

Kiplimo akajibu, "Karibuni tena kesho."