Mtambo wa Majibu ya Maji

Kila asubuhi msichana wa majibu alifuta meza, akachomeka simu mbili kwenye chaji, akaanza kuwapigia wahudumu wa pampu. Wateja waliuliza kupitia programu ya kampuni ya maji, maji yangetoka lini mtaani kwao, naye akawajibu mmoja mmoja. Wao waliamini wanajibiwa na kompyuta. Fundi wa programu alikuwa amepanga kuitengeneza hiyo kompyuta, lakini kwa kuwa majibu yalikuwa yanatoka, akaiacha kwanza.

Jumanne wateja walipofika elfu mbili, wasichana wakawa wawili. Wa pili, mwenye sura na sauti ileile ya wa kwanza, aliingia na kikombe chake, akageuza ndoo, akakaa.

"Sogea, mwenzangu. Mtaa wa juu nimeshawapigia."

"Yule mhudumu mwenye kisirani? Afadhali wewe."

Kufikia mwisho wa mwezi wateja walikuwa elfu nane, na wasichana wanane, wote sura moja. Fundi aliandika ubaoni: mfumo unapanuka vizuri.

Wasichana wakamwendea bosi. Mdogo wao wa tumbo moja alikuwa anaolewa Jumamosi, na kwa miaka miwili walikuwa wakinyimwa ruhusa kwa sababu msichana alikuwa mmoja tu.

"Sasa tuko wanane, bosi."

"Na wateja elfu nane," alisema bosi. "Kila mmoja wenu ana elfu yake. Nani atawajibu?"

Walirudi mezani, wakatazamana, wakaangua kicheko. Ijumaa waliwaandikia wateja wote: "Kesho mdogo wetu anaolewa. Maji yatatoka saa kumi na mbili asubuhi. Jazeni kila chombo, tafadhali msituulize kitu."

Watu walijaza hata birika. Bosi alitazama kioo cha kompyuta yake, akaona hakuna swali lililokosa jibu, akaridhika.

Jumamosi mama yao alisimama mlangoni pa nyumba ya harusi akawahesabu kwa kidole.

"Wanane, na wote mmekonda! Ingieni, wanangu, bibi harusi kagoma kutoka bila nyinyi."

Walicheza mpaka wakavua viatu. Bibi harusi alicheza na kila mmoja, hakumruka hata mmoja.

Jumatatu wateja walikuwa wameambizana habari za programu hiyo, wakafika elfu kumi na sita. Wasichana wanane wapya hawakuwa wameiona harusi, basi wale wa zamani wakawafundisha nyimbo zake, huku vidole vikijibu: maji saa kumi, maji kesho, jazeni sasa.

Bosi alipita na wageni nje ya mlango uliofungwa.

"Huo ndio mtambo wetu," aliwaambia.

Mgeni mmoja alisikiliza kidogo, akasema unaimba vizuri. Bosi akamshukuru.