Tumbaku ya Njoka Yafika Kiirua

Miaka kumi baada ya Uhuru, Njoka, mkulima wa tumbaku kutoka Mbeere, alipanda mlimani hadi Kiirua kumposea mwanawe Misheck binti aitwaye Kiende. Alikuwa ameonywa asilete pombe, kwa kuwa Muthamia, baba wa binti, alikuwa mzee wa kanisa. Pombe akaiacha. Tumbaku hakuiwazia, maana kwao tumbaku si ulevi. Ni salamu ya posa. Akabeba asali na furushi la sigara nene alizozisokota mwenyewe kwa majani makavu: ngumu, chungu, za bei ambayo mchunga mbuzi aliimudu, na zisizozimwa na upepo wala manyunyu.

Muthamia alimpokea mlangoni, pamoja na wazee wa ukoo wake. Alipoliona furushi, alimweleza kwa upole kwamba tangu alipobatizwa, tumbaku haikuwahi kuingia nyumbani mwake, wala haitaingia.

Jikoni, Kiende aliacha kumenya viazi. Kwa desturi, baba akiirudisha tumbaku amemnyima mwombaji binti, na hakuna neno jingine linalohitajika.

Njoka hakubishana. Alichukua kiti cha barazani, akakipeleka kando ya shamba la viazi, akaketi na kuwasha sigara moja. Upepo wa mlimani ukavuma, manyunyu yakaanza. Moto wake haukutikisika.

Kumwacha mgeni akae nje peke yake ilikuwa aibu ambayo Muthamia hakuweza kuivumilia. Akabeba kiti chake, akamfuata. Wazee wengine wakafuata na viti vyao, wamejikunyata ndani ya makoti. Pale pale kwenye baridi wakazungumza. Njoka alieleza kazi ya ualimu ya mwanawe; Muthamia aliuliza habari za maji na kanisa huko Mbeere, akajibiwa vyema. Likabaki furushi.

"Sikukuletea uvute, mzee," Njoka alisema. "Nimekuletea upokee."

"Na nikipokea nitaifanyia nini?"

Thuranira, mdogo wake Muthamia, alikuwa akitetemeka. "Iweke ghalani ifukuze fukusi wa maharagwe, tukaote moto. Fukusi hawajabatizwa."

Wazee walicheka. Muthamia hakucheka. Alilitazama ghala, lililosimama peke yake mbali na nyumba, kisha akamwita bintiye. Kiende akaja, mikono ingali na maji ya viazi.

"Nipokee?"

"Pokea, baba."

Muthamia akalipokea furushi kwa mikono miwili, akalipeleka hadi ghalani, akafunga komeo. Aliporudi, alimwambia Njoka kwamba akimaliza sigara yake aingie, chakula ki tayari.

Njoka akaitazama. Ilikuwa haijafika hata nusu.

"Hii haiishi upesi, mkwe."

Muthamia aliketi, akainua kola ya koti lake.

"Kiende," akaita, "leteni chakula huku."