Nusu ya Pili ya Antena

Fundi simu mstaafu alikuwa amepiga magoti uani, akipasua nyasi kwa mwiko wa mwashi, akilaza waya wa shaba ndani ya ufa na kuufunga kwa kisigino. Antena yake ya redio ilisimama wima katikati. Antena ya namna hiyo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni ardhi, nayo ardhi ni bahili, humeza mawimbi isipotandikiwa nyaya kila upande kama miale ya jua. Upande mmoja haukuwa na nafasi. Ukuta wa kaka yake, uliojengwa juma lile lile alipozikwa mama yao, ulikaribia kuikwaruza antena rangi.

"Mwambie ausogeze," alisema mkewe, akianika shuka. "Nusu ya kiwanja ni yako."

"Kwa ushahidi gani, mke wangu? Jiwe la mpaka halionekani."

Basi nyaya za upande ule akazikata fupi na kuziongeza idadi, jambo ambalo vitabu vya fani hiyo huliafiki.

Kulipokucha, nyaya zilikuwa zimerefuka. Zilikuwa zimepenya chini ya ukuta, zikatoa vijitawi na kuinua vigae viwili katika bafu la kaka. Kaka alituma salamu, akaomba zipogolewe. Jioni, fundi alipowasha mitambo, marehemu mama yake aliingia hewani.

"Mwanangu, waya wako umenifikia. Sikiliza, lile jiwe la mpaka..."

"Shikamoo, mama. Hewani mtu huanza kwa kueleza anavyomsikia mwenzake."

"Marahaba. Nakusikia vizuri. Jiwe liko chini ya bafu la kaka yako. Alilifukia mwenyewe, mimi nikiwa kitandani naumwa."

Wapenzi wa redio wana desturi: mali na ugomvi wa ndugu havizungumzwi hewani, kwa kuwa dunia nzima inasikiliza. Tangu apewe leseni, fundi hakuwahi kuivunja.

"Mama, hayo si ya hewani."

"Sasa nikayasemee wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Fundi alilitafakari, kisha akamuuliza hali ya hewa ya huko.

"Mama wa watu katoka kaburini kukutetea," alisema mkewe, "wewe unamuuliza kama kuna mvua!"

"Utaratibu ni utaratibu."

"Ndiyo maana kaka yako ana bafu, na wewe una utaratibu."

Kaka, aliyekuwa amesikia yote kupitia tundu la maji machafu, alifika kesho yake na kiti chake. Hakukanusha neno. Alisema tu kwamba mkubwa ndiye wa kumsalimu mama kwanza, kisha, kwa hisani, akaruhusu nyaya zibaki chini ya bafu lake. Fundi alimshukuru.

Tangu hapo mama huingia kila jioni. Amefundishika: hutaja usikivu, joto na unyevu, basi. Vituo vya mbali husifu mawimbi ya fundi, na barua za pongezi humfikia kutoka nchi asizozijua.

Mwezi uliofuata kaka aliusogeza ukuta, antena ikaingia upande wake, kwa kuwa, alivyoeleza, mti hukaa na mizizi yake. Fundi akitaka kukaza skrubu hubisha hodi, na kaka, kama amemaliza kuoga, humfungulia.