Matairi Manane na Bakuli Moja

Mwaka ule matairi yote manane ya Torfi yalikufa pamoja, kama abiria wa ajali moja. Manne ya baridi, yaliyokuwa bado garini, yalikuwa yamebaki vibogoyo: ukiyapapasa unakutana na vishimo vitupu mahali palipokuwa na misumari ya kung'ata barafu. Manne ya kiangazi aliyatoa bandani akayakuta yamepasuka ubavuni kama visigino vya mtu asiyejua mafuta. Akayalaza uani kando ya gari, akavua kofia, akasimama mbele yao kwa muda unaostahili.

Ilikuwa katikati ya Aprili. Sheria ilikwisha kutaka misumari iondoke barabarani. Theluji ilikuwa haijasomewa sheria hiyo.

Torfi alikuwa mgane wa miaka sabini na miwili, mstaafu wa kiwanda cha samaki, ambako alitumikia miaka ishirini na tisa katika chumba cha maji ya chumvi. Maishani mwake yalibaki mambo mawili yasiyohitaji kufikiriwa: mbwa wake Kubbur, na karata za Jumapili. Karata zilichezwa ng'ambo ya Mlima Kambur, nyumbani kwa dada yake Dýrleif, ambaye macho yake yalikwisha kumkataza kuendesha gari. Basi aliyevuka mlima ni Torfi, Jumapili baada ya Jumapili, mvua, theluji na upepo wa kung'oa milango. Dýrleif alikuwa akimwibia kwenye karata kwa miaka thelathini na mmoja. Torfi alijua, akanyamaza, kwa sababu mwizi akishakamatwa mchezo umekwisha.

Binti yake, Salvör, alikuwa na dawa ya matairi. Salvör aliishi mji mkuu na kufanya kazi ya bima, kazi ambayo mtu hulipwa kwa kuwawazia wenzake mabaya. Alipiga simu akasema Siku ya Kwanza ya Kiangazi iko mlangoni, na zawadi yake ya kiangazi kwa baba itakuwa matairi manne ya misimu yote. Manne tu, ya mwaka mzima, hakuna tena kuinama na jeki kila Oktoba na kila Aprili. Torfi aliuliza kama matairi hayo yanavuka Kambur mwezi wa pili. Salvör akasema hayavuki, na huo ndio uzuri wake. Mtu wa umri ule hana shughuli juu ya Kambur kuanzia Oktoba hadi Mei. Karata zinaweza kuchezwa kwenye simu.

Torfi alishukuru, akakata simu, akamtazama mbwa. Miezi saba bila Jumapili.

Alikwenda kwa Ingvar, fundi wa matairi, akiwa na swali moja, akarudi na saba. Swali lenyewe lilikuwa hili: misimu yote ni mingapi? Maana kalenda ya wazee inajua miwili, Baridi na Kiangazi, kila mmoja na siku yake ya kwanza, na hakuna wa tatu aliyewahi kuonekana pale kijijini. Ingvar alijibu kwamba huko bara wana mingine ya katikati, na ndiko matairi hayo yalikotungwa. Kisha akaona amsaidie.

"Tairi la kiangazi ni jibini," alisema akijifuta mikono. "Likipigwa na baridi linakuwa gumu, linateleza. La baridi ni siagi. Lipe joto, linaishia barabarani. La misimu yote ni majarini."

"Majarini ni mbaya?"

"Nani kasema mbaya? Kwenye mkate iko sawa."

"Na Kambur ni mkate?"

"Torfi, Kambur ni Kambur."

Nje ya gereji mambo yalizidi kuchafuka. Mchungaji alikuwa na matairi ya misimu yote na aliyasifu kwa moyo wake wote. Ni kweli yalimfikisha kanisani kila Jumapili, ingawa moja ya Januari yalimpitisha kwenye uzio wa makaburi. Mama wa posta alikaa na misumari hadi Juni, na aliapa kwamba polisi wakimsimamisha atawakabidhi mfuko wa barua wakazigawe wenyewe. Fundi umeme alivaa misumari mbele na jibini nyuma, akasema huo ndio usawa. Torfi aliwasikiliza wote kwa heshima, akakubaliana na kila aliyesema mwisho.

Hapo ndipo alipokumbuka bakuli.

Usiku wa mwisho wa Baridi huwekwa maji nje. Asubuhi yake, ambayo ndiyo Siku ya Kwanza ya Kiangazi, yakikutwa yameganda, basi misimu miwili imegandana na kiangazi kitakuwa chema. Hivyo ndivyo babu zake walivyojua mambo makubwa, kama nyasi na maziwa ya kondoo, na Torfi hakuona kwa nini matairi yasihukumiwe katika mahakama hiyo hiyo. Maana yake kwake ilikuwa wazi. Maji yakiganda, misimu imekuwa kitu kimoja, naye atanunua matairi ya misimu yote. Yasipoganda, kila msimu umeshika njia yake, na kila msimu upewe matairi yake. Ilikuwa wazi kiasi kwamba hakuona haja ya kumweleza mtu.

Jumatano jioni nyumba ilijaa, yaani walikuwa watu watatu na mbwa. Salvör alikuwa ameendesha gari kutwa nzima kutoka mji mkuu. Dýrleif alikuja na gari la posta, begi mkononi na karata mfukoni. Walipokwisha kula samaki wa kupondwa na viazi, Torfi alisimama, akakohoa, akatangaza kwamba suala la matairi ameliachia bakuli, na hukumu ya bakuli haina rufaa. Wanawake wale wawili walitazamana, wakasema ni haki tupu. Akalijaza maji ya bomba bakuli la bluu la marehemu mkewe, akaliweka ngazini mbele ya nyumba, karibu na sahani ya maji ya Kubbur, akaenda kulala mwepesi kama mtu aliyetua mzigo kwenye kichwa cha mwenzake.

Alfajiri alitoka kabla ya wengine. Uwanja ulikuwa mweupe. Theluji ya usiku ilikuwa imekuja kukisherehekea Kiangazi. Torfi alichuchumaa mbele ya bakuli.

Ndani ya bakuli mlikuwa na maji. Ndani ya maji mlikuwa na barafu. Barafu hiyo ilikuwa na umbo la nyota: nyota kumi na mbili, kila moja na ncha zake tano, zikielea kwa adabu. Torfi alikuwa ameona barafu za kila aina maishani, lakini ya Mungu ilikuwa haijawahi kutoka na ncha tano. Na kama ni barafu, mbona maji yaliyoizunguka hayakuganda? Alichovya kidole, akalamba. Chumvi. Tena si ya kubahatisha. Ulimi wa miaka ishirini na tisa ulipima, ukatoa jibu: asilimia kumi, na aliyeitia hakukoroga.

Kwa hiyo maji yalikuwa yameganda na hayakuganda. Kuna mtu alikuja kuyazuia, na kuna mtu alikuja kuyasaidia. Torfi alijaribu kukisia nani alitaka nini na kwa faida ya nani, akafika katikati akapotea, akarudi mwanzo, akapotea mapema zaidi.

Kubbur alitoka kunywa maji. Ulimi wake uligonga kitu kigumu, akamtazama bwana wake kwa lawama. Torfi akageuka. Sahani ya mbwa, ambayo hakuna aliyekumbuka kuihonga, ilikuwa imeganda kutoka juu mpaka chini.

Basi hukumu ilikuwa hiyo. Misimu imegandana. Majarini. Torfi alisubiri ile raha ya mtu aliyeamuliwa. Haikuja. Aliutazama Kambur, uliokuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni, akagundua kwamba kama jibu ni hili, basi hakuwa akitaka jibu. Alikuwa akitaka kuvuka. Hilo lilimchanganya kuliko zile nyota. Mtu mzima anaomba hukumu, anapewa, halafu anaikasirikia sahani ya mbwa.

Wenzake walipoamka walikuta kahawa, chapati za maji zenye sukari, na katikati ya meza bakuli la bluu.

"Yameganda?" aliuliza Salvör, macho kwenye kikombe.

"Yameganda na hayajaganda," alisema Torfi. "Kuna nyota. Na kuna chumvi."

Dýrleif alinyoosha kijiko, akachota, akaonja, akakunja uso.

"Nani katia chumvi kwenye barafu yangu?"

Kijiko kilibaki hewani. Hata Kubbur alisikia kwamba kuna jambo limesemwa.

Ikabidi yote yasimuliwe. Salvör ndiye aliyetangulia kutoka, na pakiti nzima ya chumvi, kwa hesabu yake kwamba maji yasipoganda hakuna haja ya misumari. Dýrleif alimfuata saa moja baadaye na nyota kutoka kwenye trei ya barafu ndani ya friza, kwa hesabu hiyo hiyo iliyogeuzwa: barafu ikionekana, Torfi atataka misumari, na Jumapili zitabaki salama. Torfi aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaeleza, kwa jibini, siagi na majarini ya Ingvar, bakuli lilikuwa na maana gani kichwani mwake. Walipiga hesabu upya. Kila mmoja alikuwa amekesha akimfanyia kazi mwenzake.

"Miaka thelathini na mmoja naiba," alisema Dýrleif polepole, "na sijawahi kumwibia mtu akafaidi mwingine."

Torfi alijishughulisha na chapati. Lakini Salvör hakucheka. Alikuwa akiizungusha nyota moja kwa ncha ya kijiko, nayo ilikuwa ikiyeyuka.

"Baba, tarehe tisa mwezi wa pili nilikupigia simu mara kumi na moja."

Torfi aliikumbuka siku ile vizuri. Alikwama juu ya Kambur nyuma ya greda la theluji, saa tano nzima, simu ikiwa ndani ya begi chini ya mikate. Alisikiliza redio, akala, akasinzia kidogo, akamwimbia mbwa. Ilikuwa moja ya Jumapili nzuri za baridi ile.

"Nilikuwa nasubiri greda," alisema. "Nilikuwa mzima."

"Wewe ulijua. Mimi sikujua. Nilikuwa nimeshachagua nyimbo."

"Nyimbo gani?"

"Za mazishi. Ule wa kufungulia, halafu ule mrefu."

"Ule mrefu siupendi."

"Ningejuaje? Hupokei simu."

Torfi aliweka uma mezani. Kwa siku kumi alikuwa amesikia habari za jibini, siagi, majarini, uzio wa makaburi na usawa wa fundi umeme, na katika yote hayo hakuna aliyemtajia mtu aliyekaa kwenye kiti mji mkuu, simu sikioni, akichagua nyimbo. Jibu lake lilianzia kwenye nguzo.

Alisema juu kabisa ya Kambur, penye nguzo ya mwisho ya njano ya kuonyesha barabara, mtandao unashika kuliko hata kijijini. Atasimama pale kila Jumapili na kupiga, akienda na akirudi. Kama greda limemtangulia atasema, na kama hakuna greda atageuza. Dýrleif akasema akifika kwake atapiga yeye, kwa kuwa kaka yake akishaona karata husahau hata jina lake. Salvör alitafuta bahasha, akayaandika yote nyuma yake kwa vifungu, moja, mbili, tatu, kama mkataba, akawapa wote wawili watie saini. Kisha akasema kwamba ikikosekana simu moja, moja tu, atakuja mwenyewe na koleo kuing'oa misumari mmoja mmoja.

"Kwa hiyo ni majarini au si majarini?" aliuliza Dýrleif.

"Siagi," alisema Salvör. "Mimi nanunua siagi. Jibini ajinunulie mwenyewe."

Ijumaa Ingvar alipoulizwa seti mbili alizitoa bila kushangaa, ila alitaka kujua ni nani hatimaye aliyemshauri vizuri.

"Chumvi," alisema Torfi.

Hivyo ndivyo Torfi alivyopokea, kama zawadi ya Kiangazi, matairi manne ya misumari, yakaenda moja kwa moja bandani kuungoja msimu wao. Kiangazi chenyewe, ambacho sahani ya mbwa ilikitabiria mema, kilinyesha kuanzia Juni hadi Agosti na nyasi zikaoza mashambani. Torfi aliuwaza utabiri huo kwa uangalifu, akaona kuna uwezekano ulimhusu mbwa peke yake.

Siku ya Kwanza ya Baridi huwa Jumamosi. Jumapili yake Torfi alipanda Kambur, misumari mipya ikitafuna barafu kama mtu anayekula karanga, Kubbur pembeni, simu ikiwa kwenye mfuko wa shati. Kwenye nguzo ya mwisho alisimama, akapiga. Ililia mara moja tu.

"Niko juu."

"Kunaonekanaje?"

Torfi alitazama mbele, akatazama nyuma, akafuta kioo kwa mkono wa sweta. "Sioni kitu. Kote kumefanana."

"Greda?"

"Limetangulia. Nalisikia."

"Haya, shuka polepole. Na baba."

"Naam."

"Ule mrefu nimeufuta."

Torfi alirudisha simu kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo chake, akaingiza gia ya pili.